Aliyepiga Nduru Bustanini

Kabla sijaanza, nikuombe kitu kimoja. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Nimewasimulia wengi jambo hili, na hakosekani mmoja wa kufunika mdomo kwa kiganja. Mimi sina ninachouza hapa. Nenda Tororo ukawatafute watu wa umri wangu waliowahi kukaa Laini ya Bustani, kama bado kuna aliye hai, uwaulize. Watakuambia hivi hivi nitakavyokuambia. Tofauti ni kwamba wao walimsikia tu. Mimi niliongea naye, na nikampa mtoto wangu mikononi.

Ilikuwa miaka ya sitini. Uganda ilikuwa imeshapata uhuru wake, na sisi wa Kenya tulikuwa tunaukaribia wetu. Mimi ni Msamia wa upande wa Kenya, nimezaliwa ng'ambo ya mto Sio, nikaolewa na Wandera, Msamia wa upande wa Busia ya Uganda. Siku hizo mtu alivuka mpaka na kuku wake kwapani, akauze, arudi, wala hakuna wa kumuuliza. Mume wangu alikuwa na kazi ya reli pale Tororo, kufunga na kufungua mabehewa ya mizigo, akisafiri mara Mbale, mara Soroti. Kwa hiyo tukapanga chumba mjini.

Chumba chenyewe kilikuwa katika mstari mmoja mrefu wa vyumba, ndio Laini yenyewe, uliobanwa katikati ya vitu viwili. Mbele, ng'ambo ya kinjia chembamba, ilikuwa bustani. Nyuma ulikuwa ukuta wa mawe, mrefu kupita paa letu, uliojengwa zamani kuzuia udongo wa kilima usishuke. Ukitoka mlangoni uko bustanini, ukifungua dirisha la nyuma unagusa ukuta. Na juu ya yote hayo, Mwamba wa Tororo umesimama pale kama mtu anayekuangalia ukila.

Tuliishi kwa kubanana, lakini niamini, nilipapenda pale. Kuta za kati hazikufika juu, kwa hiyo Okiror seremala akipiga chafya chumba cha tatu, mimi namwambia pole kitandani kwangu. Bomba la maji lilikuwa moja. Vumbi la kiwanda cha saruji lilitua juu ya mabati, mvua ikinyesha linaganda, paa zetu zote zikawa nyeupe na nzito. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Athieno, Mjapadhola wa Kirewa, mpika malwa, ile pombe ya ulezi. Jioni wanaume walizunguka chungu chake, kila mmoja na mrija wake, wakibishana kwa Kiswahili cha kila namna.

Bustani ilikuwa ya zamani. Serikali ya wakoloni ndiyo iliyoitengeneza, na ngazi za mawe, na miti mikubwa iliyopandwa kwa mstari, na kibanda cha duara chenye paa ambamo bendi ilipiga muziki Jumapili, wazungu wamekaa kwenye viti. Wakati huo watu kama sisi tuliingia na fagio tu. Baada ya uhuru geti likawa wazi mchana kutwa, na sisi wa Laini tukaifanya sebule yetu. Tulianika nguo kwenye ua wake. Tulisukana nywele kwenye ngazi zake. Binti yangu Nekesa alijifunza kukaa kwenye nyasi zile.

Mwaka ninaousema, mvua za masika hazikujua kusimama. Ilinyesha usiku, ikanyesha mchana, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikaanza tena. Na katika mvua hizo mama mkwe wangu akaletwa kwetu. Alikuwa ameteleza huko kwake Busia akavunjika mguu. Mfunga mifupa alishamfunga vijiti toka paja hadi kifundo, lakini mume wangu alitaka awe karibu na hospitali. Basi akalala kwenye kitanda chetu, sisi tukalala chini.

Nikuambie ukweli, mimi na mama mkwe hatukuwa marafiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwili wa kuheshimika, na sauti ya kuuliza maswali ambayo jibu lake analo tayari. Ugali wangu ulikuwa laini mno. Samaki wangu alikuwa na chumvi ya Wajaluo. Nekesa nilimfunga mgongoni chini mno, atakuwa na matege. Mimi nilijibu "ndiyo mama" kwa kila kitu, kisha nikaenda kwa Mama Athieno kupumua.

Siku hiyo Wandera alikuwa ameondoka na treni ya mizigo kwenda Mbale. Giza lilikuwa linaingia, ule wakati ambao moshi wa jiko unaanza kuonekana mweupe. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye jiko kandokando ya mlango, nasonga ugali. Nekesa amelala ubavuni mwa bibi yake. Mama mkwe ananiambia niongeze unga.

Ndipo tukasikia nduru.

Wewe umekulia wapi? Kama hukukulia vijijini kwetu, labda hujui nduru ni nini. Kuna kelele za mlevi, na kuna kelele za mke na mume, hizo mtu hashtuki. Nduru ni kitu kingine. Mtu anaipiga kwa tumbo lake lote, akiita walio karibu na walio mbali, na maana yake ni moja tu: njooni, kuna kifo au kifo kinakuja. Ukiisikia unaacha chakula, unaacha mazungumzo, unakimbia. Asiyetoka hatasahauliwa na jirani zake mpaka siku yake mwenyewe ya msiba.

Hii ilitoka bustanini. Sauti ya mwanamke, nzito, inapanda inashuka, inapanda tena. Alikuwa anaita kwa Kisamia. Kisamia cha ndani kabisa, kile cha bibi zetu, anasema njooni nyote, wanangu wanakwisha.

Mama mkwe akajiinua kwa viwiko. "Mtu wa kwetu huyo!" akasema. "Mtu wa kwetu analia mbele ya mlango wetu na wewe unageuza ugali?"

"Nitawaachaje peke yenu, mama?"

"Nani ataniiba mimi? Nenda!"

Nikashika taa, nikatoka. Laini nzima ilikuwa inatoka. Milango inagongana, taa za chemli zinawashwa, wanaume wanaacha mirija yao ndani ya chungu. Hata mgonjwa wa malaria wa chumba cha mwisho alitoka amejifunga blanketi. Tukavuka kinjia, tukaingia bustanini, na nduru ikakatika.

Tukasimama kwenye nyasi zenye maji, tukaangaliana.

"Ni wapi?" mtu akauliza.

"Pale kwenye miti," Okiror akasema. "Mimi nasikia vizuri. Yule mama ni wa kwetu, ni Mteso. Nalia kwa Kiteso."

Mama Athieno akamgeukia. "Wacha wewe, Okiror. Mteso gani? Mimi nasikia Kidhopadhola mtupu. Iko mpaka jina ya ukoo yetu naita."

Mimi nikasema polepole, "Mbona mimi nimesikia Kisamia?"

Unafikiri tulichekana? Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na Mganda mmoja, karani, akasema yeye kasikia Kiganda. Kulikuwa na mama wa Kihindi, mke wa mwenye duka la kona, amesimama getini na mwavuli wake, na niliona machozi yanamtoka. Baadaye mumewe alitueleza kwamba mkewe alisikia sauti inayomwita kwa lugha ya kwao, jina la utotoni ambalo yeye mume hakulijua.

Wanaume wakatawanyika na taa kutafuta. Huku na huku, nyuma ya ua, chini ya ngazi. Hakuna mtu. Mimi nikaelekea kwenye kile kibanda cha bendi, kwa sababu nilimwona mtu amesimama pale.

Hakuwa chini ya paa. Alikuwa amesimama nje, kwenye ngazi, kwenye manyunyu. Mwanamke mrefu, si kijana wala si mzee sana, amejifunga shuka ya amerikani iliyopigwa fundo begani, kama walivyojifunga bibi zetu kabla magauni hayajafika. Mikononi alikuwa na bangili za shaba. Nikamwamkia kwa heshima, kwa Kisamia.

"Mama, ni wewe unayelia? Umefiwa?"

Akaniangalia. "Bado," akasema.

Sikuelewa. Hebu fikiri, mtu aliyepiga nduru namna ile anakujibu bado. Nikainua taa yangu kidogo nimwone vizuri, na hapo nikaona kitu cha ajabu. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka ndani. Maji yananitiririka kwenye nyusi. Yeye alikuwa mkavu. Shuka yake ilikuwa kavu kama imetoka kuanuliwa juani.

"Nyumbani umemwacha nani?" akaniuliza.

"Mama mkwe. Na mtoto."

"Mbona hawakuja?"

"Mama amevunjika mguu, hawezi kutembea."

"Basi waletwe," akasema. Hakupandisha sauti. Alilisema kama unavyomwambia mtu maji yanachemka, epua. "Wote watoke. Waletwe sasa."

Sijui ni nini kilichonisukuma. Sikumuuliza yeye ni nani wala kwa nini. Nikageuka nikakimbia, nikiteleza kwenye nyasi, nikasikia Mama Athieno ananiita nyuma, "Mama Nekesa, wewe nakwenda wapi?"

Nikafika mlangoni kwangu. Mlango niliouacha wazi ulikuwa umejifunga, na nilipousukuma haukuenda. Nikausukuma kwa bega. Ulikuwa umebanwa na fremu yake, kama vile nyumba imepinda. Nikarudi nyuma, nikaupiga kwa mwili wangu wote, ukafunguka na kipande cha mbao kikaruka.

Nikaitundika taa msumarini; ndani palinuka udongo. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanaingia kwenye dirisha la nyuma, si kama mvua, yalikuwa yanasukumwa. Jiko limezimika. Mama mkwe amekaa kitandani amemkumbatia Nekesa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na swali.

"Ukuta unasema," akaniambia.

Nikasikiliza. Ni kweli ulikuwa unasema. Mawe yalikuwa yanasagana polepole, kama mtu anayesaga meno usingizini.

"Mama, tutoke."

"Chukua mtoto."

"Na wewe?"

"Nimesema chukua mtoto! Mimi nimeshaona wajukuu. Toka!"

Nikamchukua Nekesa. Nikamweka begani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikajaribu kumvuta mama mkwe. Hakusogea hata kidogo. Nimekuambia alikuwa mwanamke mkubwa, na mguu ule wenye vijiti ulikuwa kama gogo. Nilijaribu kumfunga mtoto mgongoni, lakini nikimfunga mgongoni, huyu mwingine nitambebea wapi? Nikatoka nje na mtoto, nikasimama kwenye kinjia kutafuta wa kumpokea. Taa zote zilikuwa mbali kwenye miti. Nikapiga kelele lakini upepo uliichukua sauti yangu. Nikarudi ndani na mtoto. Naona haya kidogo kukuambia nilivyokwenda mbele na nyuma kama kuku, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipogeuka mara ya pili, alikuwa mlangoni. Yule mwanamke. Alikuwa amejaza mlango mzima, na mwanga wa taa yangu ulikuwa kwenye bangili zake.

"Nipe mtoto," akasema.

Wewe ungempa? Jibu kwa moyo wako. Magharibi, mgeni usiyejua ukoo wake, mkavu katika mvua, ananyoosha mikono anataka mwanao. Tangu utoto tumefundishwa kuwaficha watoto wachanga machoni mwa watu wa namna hiyo. Nikamkumbatia Nekesa mpaka akalia. Nikamtazama mama mkwe. Yeye alikuwa anamtazama yule mwanamke, anamtazama usoni, kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko mvua zote za mwaka ule.

"Mpe," mama mkwe akasema. Kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena kwake. "Mpe, mwanangu."

Nikampa. Vidole vyangu vikagusa vyake wakati tunapokezana, na vilikuwa baridi. Si baridi ya mvua. Baridi ya jiwe lililokaa chini ya mto miaka yote bila kuona jua. Lakini Nekesa aliacha kulia pale pale. Akaweka kichwa chake kwenye ile shuka kama aliyefika kwake.

Sasa nilikuwa na mikono miwili. Nikachuchumaa mbele ya kitanda, nikamwambia mama mkwe anishike shingo. Akanishika. Sijui nguvu ile niliitoa wapi, wala sijawahi kuipata tena. Nikasimama naye mgongoni, mguu wake umenyooka mbele kama mti wa kukomea mlango, ukagonga fremu tulipokuwa tunatoka, na kwa uchungu akaniuma bega. Kweli, aliniuma, na alama yake ilikaa. Lakini hakupiga kelele. Tulipofika katikati ya kinjia, Okiror alikuwa ameshaona, akaja mbio akampokea miguu, na Mama Athieno akapokea kiuno, tukaenda hivyo, watu watatu na mzigo wetu, mpaka ndani ya geti la bustani.

Hapo ndipo ukuta ulipoanguka.

Sitajaribu kukuelezea sauti yake. Nitakuambia tu kwamba taa zote zilizimika kwa upepo wake, na kwamba yale mabati mazito meupe yalilia mara moja tu, halafu kukawa kimya. Kisha harufu ya udongo ikatujia, harufu ya shimo lililochimbwa upya. Halafu kila mtu akaanza kuita jina. Athieno! Opio! Akol! Kila jina likajibiwa. Kila jina, nakuambia. Ndani ya zile nyumba kulibaki kuku, vyungu, viti vya Okiror alivyokuwa anamalizia, vitanda vyetu na nguo zetu. Mtu hakubaki hata mmoja.

Mimi sikuita. Mimi nilikuwa nimekumbuka mtoto wangu yuko mikononi mwa nani.

Hapo nililia kilio changu mwenyewe. Nilikimbia gizani huku na huku nikigonga miti. Na nikamkuta. Alikuwa chini ya miti ile mikubwa, anayumba kidogo kushoto na kulia, kama kila mwanamke anavyoyumba akiwa na mtoto. Sikuwa na taa, lakini nilimwona. Nikanyoosha mikono.

Akanirudishia. "Mzito huyu," akasema, na nakuapia alikuwa anatabasamu. "Umemlisha vizuri."

Nikataka kumwambia ahsante. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ameshageuka, anatembea kuelekea zile ngazi za mawe, bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku. Okiror akaja kwa upande ule na taa aliyoiwasha tena. Wakapishana, yeye na Okiror. Nasema wakapishana, kwa macho yangu. Nikamuuliza Okiror, "Umemwona?" Akainua taa. "Nani?" Kwenye ngazi palikuwa na maji ya mvua tu yanashuka.

Nikampapasa Nekesa mwili mzima. Alikuwa amelala. Na nguo yake ilikuwa kavu. Mvua imeanza tena kwa nguvu, mimi na Mama Athieno na kila mtu tunachuruzika, na mtoto wangu ni mkavu toka kichwani hadi miguuni.

Usiku ule tulikaa wote ndani ya kibanda cha bendi, tumebanana kama tulivyozoea kubanana. Mke wa yule mwenye duka alileta chai ya maziwa ndani ya sufuria kubwa na mablanketi ya dukani yenye karatasi zake bado. Mganda karani alimfunika mama mkwe kwa koti lake. Asubuhi mume wangu akaja akikimbia kutoka stesheni. Dereva wa treni alikuwa amemwambia kwamba Laini ya Bustani imefukiwa. Alisimama kwenye kinjia akiangalia lile rundo la mawe na mabati mahali palipokuwa na mlango wetu, akaanza kuchimba kwa mikono. Tulimwita kutoka bustanini. Hakusikia. Ilibidi mama yake apaze ile sauti yake: "Wandera! Unatafuta nini huko wakati sisi tuko huku hatujanywa uji?" Alipogeuka akatuona, alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya kazi, na hakuweza kuinuka mpaka Okiror akaenda kumwinua.

Jumapili iliyofuata tulikutana pale pale bustanini kumshukuru Mungu. Padri alikuja, na mwalimu wa Waprotestanti, na sheikh wa watu wa duka akasimama nao. Tulipomweleza padri, alisikiliza yote, akasema Mungu anatuma anayemtaka, wala hakuuliza zaidi. Nilimpenda kwa hilo.

Na siku hiyo alikuja bibi yake Mama Athieno kutoka Kirewa, mwanamke mzee sana, meno hana, lakini akili anayo. Nilimwelezea yule mwanamke, shuka na bangili na urefu wake. Akatikisa kichwa, akasema kwa lugha yao, Mama Athieno akanitafsiria. Alisema kabla ya bustani kuwepo, pale palikuwa na nyumba za watu. Na kati ya watu hao alikuwepo mwanamke anaitwa Nyafwono, mwenye sauti isiyo na mfano. Moto ukishika nyasi za paa, chui akiingia zizini, mtoto akitumbukia kisimani, watu hawakupiga nduru wenyewe, walimkimbilia Nyafwono, naye akipiga, wanasikia mpaka Osukuru, mpaka Mukuju. Alikufa kifo cha kawaida, uzazi, akazikwa mbele ya nyumba yake. Kisha serikali ikaja, ikahamisha walio hai, ikapanda miti na kujenga ngazi. Waliokuwa chini hawakuhamishwa.

"Kwa hiyo anataka nini kwetu?" nikauliza. "Tumfanyie nini?"

Yule bibi akacheka kwa ufizi wake. Mama Athieno akanitafsiria: "Anasema, hapana taka kitu. Nyinyi ni jirani yake."

Mimi sijui kama ni Nyafwono. Sitakudanganya. Najua nilichokiona na nilichokishika. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, hivi hapa, vilivyogusa vyake, vimebaki baridi hadi leo. Jua la Januari haliviwezi. Daktari wa Mbale alivikunja, akavichoma sindano, akasema damu inapita vizuri, hakuna ugonjwa. Viguse mwenyewe. Unaona? Haviniumi. Nikilala navishika kwa mkono wa pili, na ndiyo sala yangu.

Tulihamia upande wa stesheni baadaye, kwani Laini haikujengwa tena. Mama mkwe alipona, akabaki nasi kwa hiari yake mpaka alipofariki, uzee tu, kitandani, mimi nimemshika mkono. Hakuacha kulalamikia ugali wangu. Lakini tangu jioni ile hakuniita tena "mke wa Wandera". Aliniita "mwanangu", na wageni wakija anawaonyesha bega langu, anawaambia, "Mimi nilimng'ata huyu." Usiku mwingine tuliongea juu ya yule mwanamke. Nilimuuliza aliona nini usoni mwake hata akaniambia nimpe mtoto. Akasema, "Niliona ameshabeba wengi."

Nekesa sasa ni bibi. Ana wajukuu Busia zote mbili, huku na ng'ambo. Kila nikimwona anawapokea watoto wa binti zake, namshukuru yule ambaye sikumwambia ahsante. Nilikwenda bustanini jioni moja kabla hatujahama, nikasimama kwenye ngazi nikaisema ile ahsante kwa Kisamia, kwa sauti. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli alidhani namwambia yeye, akanijibu karibu. Nikacheka, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Sasa nikuonye, wewe unayekaa mjini, mahali watu wamebanana ukuta kwa ukuta na kila mtu amefunga mlango wake na redio yake. Ukisikia nduru, toka. Usikae ukipima ni ya kabila gani, ni ya mlevi au ya mzima, inakuhusu au haikuhusu. Na ukishatoka, geuka utazame ni nani hajatoka: mgonjwa, mzee, yule asiyesikia, yule mliyekosana naye. Rudi umchukue. Na kama pale mlangoni utamkuta mtu usiyemjua, amenyoosha mikono kukusaidia, usipoteze muda ukimchunguza. Maswali yapo, utayauliza baadaye, mkiwa wote nje.